Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Watoa Majina ya Tufani

Kwa Wajumbe wa Kamati ya Vimbunga ya Kusini-Magharibi mwa Bahari ya Hindi, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Waheshimiwa Mabwana na Mabibi,

Baada ya salamu nyingi, na taadhima inayowastahili watu walioaminiwa kazi ambayo tangu azali ilikuwa ya wazazi, mashangazi na mashehe, yaani kazi ya kutoa majina, nina furaha ya kuwaarifu kwamba sisi wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki hatujambo, na kwamba majina mliyotupelekea yote yamewasili salama. Jobo tulimngojea mwezi wa Aprili 2021, ingawa alipoukaribia mji wa Dar es Salaam alikuwa amekwisha kuishiwa nguvu, akawaacha waliomngojea wakitazamana. Hidaya alitua Mafia tarehe 4 Mei 2024. Na kabla mwezi ule haujaisha akamfuata Ialy, aliyewashughulisha zaidi jirani zetu wa Kenya. Hakuna jina lililopotea njiani. Kama vitu vingine tunavyotumiwa kutoka mbali vingefika kwa uaminifu wa namna hii, mathalani maelezo ya jinsi ya kujiokoa, nisingekuwa na haja ya kuwashughulisha kwa waraka huu.

Wa baadu, nimepata kusikia kwamba miongoni mwa wataalamu pana mjadala wa muda mrefu, wengine wakisema kuwa tufani ikipewa jina watu huishika akilini, huitaja, huiogopa na hatimaye hujiandaa, na wengine wakijibu kuwa jina ni pambo tu. Kwa kuwa mjadala huo unatuhusu sisi, na kwa kuwa sijaona mtu aliyekuja mtaani kwetu kutuuliza, nimejitwika mwenyewe wadhifa wa shahidi, bila ya kiapo na bila ya posho.

Ushahidi wangu wa kwanza ni kwamba jina hushikwa, na hapo nawapa haki yenu kamili. Zilipotangazwa habari za Hidaya, hapakuwa na mtu mtaani petu, kuanzia mtoto wa chekechea hadi ajuza asiyetoka kitandani, ambaye hakulijua jina hilo kabla jua halijachwa. Binti mmoja wa jirani, ambaye kwa nasibu mbaya wazazi wake walikuwa wamekwisha kumwita hivyo hivyo miaka mingi kabla yenu, alipigiwa simu na watu asiowajua vyema wakimsihi apunguze kasi kwa kuwa wameanika nguo. Wengine walimwuliza ni nani aliyemkasirisha. Na fundi pikipiki wa pale kona akatangaza mbele ya hadhara kwamba amemsamehe deni lake lote, mradi asimwangushie kibanda. Shangazi yake, mwanamke mwenye busara, alimshauri asitoke ndani mpaka upepo upite. Jina lile lilitimiza kila kitu ambacho jina laweza kutimiza: lilitajwa, likachekwa, likatajwa tena.

Ushahidi wangu wa pili unatoka ufukweni, penye madau na ngalawa. Kijana mmoja alikuwa na simu, na simuni mlikuwa na sauti ya mtu asiyejulikana, iliyokuwa ikizunguka kutoka kundi moja hadi jingine, ikieleza kwa ghadhabu habari za kimbunga kana kwamba wasikilizaji ndio waliokileta. Wavuvi wakamzunguka. Nahodha mmoja mtu mzima, ambaye alikuwa akitengeneza wavu wake bila ya kuinua kichwa, akauliza mambo matatu: maji yatapanda mpaka wapi hapa petu, yatapanda saa ngapi, na ni akina nani watakaokuja kusaidia kuvivuta vyombo juu, maana dau lake halivutwi na watu wawili. Kijana akairudisha sauti mwanzo, wakaisikiliza tena yote, na haikuwa na jibu hata la jambo moja katika yale matatu. Lakini yule mzee alipolikosea jina, akasema Hadija, watu watano walimsahihisha kwa pamoja.

Sisemi, Waheshimiwa, kwamba mamlaka zetu zilinyamaza. Taarifa zilitolewa, zikarudiwa, na vyombo vya abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja vikazuiwa kusafiri, nayo ilikuwa hadhari ya kweli ambayo huenda iliziokoa roho zisizojua kuwa ziliokolewa. Lakini tazameni ni kitu gani kilichofanya kazi hapo. Ilikuwa ni amri ya kufunga safari, na amri hiyo ingekuwa na nguvu ile ile hata kama kimbunga kingeitwa Namba Nane. Boti lililofungwa gatini halina haja ya kujua tufani inaitwaje.

Nisije nikaonekana mbishi asiyetambua fadhila. Tangu mwaka 1960, Alix na Carol walipolifungua daftari la majina katika sehemu yetu ya bahari, na Carol akaivunjavunja Mauritius kwa namna ambayo wazee wa huko hawajaisahau, majina yamewarahisishia kazi mabaharia na watangazaji, kwani ni wepesi zaidi kulitaja jina moja redioni kuliko kusoma digrii na dakika, hasa pale vimbunga viwili vinapokuwa baharini kwa wakati mmoja na mtu akihofia kuchanganya habari za huyu na za yule. Faida hiyo naikiri. Ni faida ya mtangazaji, naye ni mja wa Mungu kama sisi.

Hata hivyo wazee waliosafiri bahari hii kwa majahazi na mitepe nao walikuwa na majina ya pepo zao, na ningependa myatazame kama wenzao katika kazi. Mtu aliyetaja kaskazi alikuwa ametaja upepo wa kuyaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Aliyetaja kusi alikuwa ametaja upepo wa kuyarejesha, na pamoja nao ile miezi ya ukali ambayo nahodha mwenye akili hukipandisha chombo chake nchi kavu, akakikalafati, akakitia deheni, akangoja. Umande ulimtoa mvuvi alfajiri. Kila jina lilikuja na kazi yake, na mtoto aliyejifunza majina hayo alikuwa amejifunza wakati wa kusafiri, wakati wa kutengeneza na wakati wa kukaa baraza, pasipo mtu kumwitia semina. Majina yenu hutujulisha ni nani anayekuja, kisha yakatuacha mlangoni hatujui tushike nini.

Na ile tufani kuu iliyoipiga Unguja mwezi wa Aprili 1872 haikuwa na jina lolote isipokuwa mwaka wake. Ilimkuta Sayyid Barghash akiwa hajatimiza miaka miwili katika utawala, katika kisiwa ambacho watu wake waliamini kwamba maafa ya namna hiyo ni ya watu wa bahari nyingine. Ikazamisha merikebu zake, ikalaza minazi na mikarafuu, na kwa kuwa Pemba ilisalimika, ikaihamishia Pemba ufalme wa karafuu, ambao haujarejea Unguja hata leo. Sultani alikuja kupata merikebu mpya, Glasgow, mwaka 1878. Hakuna aliyeisahau tufani ile kwa kukosa jina, wala sidhani kwamba ingaliitwa Zuwena mikarafuu ingalisimama.

Sasa naja kwenye lalamiko langu lenyewe. Kwa mujibu wa kanuni zenu, dhoruba haistahiki jina mpaka upepo wake ufikie kilomita 63 kwa saa. Hapo ndipo jina hutolewa, na watu wa Mauritius ikiwa upande wa mashariki wa digrii 55 za longitudo, na watu wa Madagascar ikiwa upande wa magharibi. Utaratibu ni mzuri, na mpaka umechorwa vizuri kuliko mipaka mingi ya viwanja vyetu. Walakini katika nchi zetu upepo ni mtangulizi tu. Anayeua aghalabu ni maji, na maji hamkuyawekea daftari.

Mfikirieni Idai. Mwanzoni mwa Machi 2019, akiwa bado mgandamizo mdogo wa hewa usiotimiza masharti yenu, aliingia Msumbiji na Malawi, akafurisha mito, akazamisha vijiji, akaua watu kwa makumi, na yote hayo akayafanya akiwa hana jina. Kisha akarudi baharini katika mlango wa Msumbiji, akajikusanyia nguvu, akafuzu mtihani wa kilomita 63, akaandikishwa, na ndipo alipokuja Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 akiwa mtu rasmi. Kwa jumla, huko Msumbiji, Zimbabwe na Malawi walikufa zaidi ya watu elfu moja. Ningependa kujua, kwa ajili ya kutunza kumbukumbu tu, wale waliokufa katika ziara ile ya kwanza waandikwe kuwa waliuawa na nani.

Au mfikirieni Freddy, ambaye ndiye hoja yangu kubwa. Huyo alipewa jina upande wa Australia mwanzoni mwa Februari 2023, akaivuka Bahari ya Hindi nzima kutoka mashariki hadi magharibi, akaipiga Madagascar, akaipiga Msumbiji, akarudi baharini, akaipiga Msumbiji mara ya pili, akadumu siku 36, muda ambao haujafikiwa na kimbunga kingine chochote kilichopata kuandikwa. Kwa zaidi ya mwezi mzima dunia ilimjua, ilimfuata katika ramani na kumhesabia maili. Katikati ya Machi mvua zake ziliifikia Malawi kusini, miteremko ya vilima vya Blantyre ikaporomoka usiku juu ya nyumba za watu, na nchini humo peke yake wakafa zaidi ya mia sita, mbali na waliopotea wasionekane. Lau jina lingekuwa kinga, hapakuwa na watu chini ya jua waliokingwa kuliko wale. Walichokosa ni mahali pengine pa kujenga, ambapo fukara angeweza kupamudu.

Dar es Salaam tunayo mafuriko yetu ya Desemba 2011, yaliyoua yapata watu arobaini na kuwahamisha wakazi wengi wa bonde la Msimbazi kupelekwa Mabwepande. Hayakuletwa na kimbunga chochote, kwa hiyo hayana jina. Huitwa tu yale mafuriko, na kila msimu huja mengine ambayo nayo huitwa yale mafuriko. Naye Hidaya, baada ya kuingia Mafia, tulitangaziwa kwamba amepoteza nguvu, watu wakashukuru, binti wa jirani akatoka nje, fundi pikipiki akakumbuka ghafla kuwa deni lilikuwa bado halijalipwa. Na katika siku hizo hizo, huko Somanga wilayani Kilwa, maji ya mvua aliyoileta yaliichana barabara kuu ya kusini, magari yakapanga foleni pande zote mbili za pengo, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikakaa siku kadhaa imetengwa na Dar es Salaam. Upepo ulikuwa umekwisha kufutwa katika taarifa, ilhali maji hayakuwa yameanza kuhesabiwa.

Kama mnataka mizani isiyopendelea, itafuteni Ghuba ya Bengal, ambako majina yalianza kutumika mwaka 2004 kwa orodha moja inayochangiwa na mataifa jirani, Oman ikiwamo. Mnamo Novemba 2007 ikaja Sidr, jina lililotolewa na Oman hiyo hiyo, ikaipiga Bangladesh. Miezi sita baadaye ikaja Nargis, jina linalofuata katika orodha ile ile, ikaipiga Myanmar. Sidr iliua zaidi ya watu elfu tatu, na msiba huo si mdogo. Nargis iliua zaidi ya laki moja na thelathini elfu. Tofauti hiyo haikuletwa na jina. Bangladesh, baada ya tufani ya mwaka 1970 iliyoangamiza watu laki tatu au zaidi, ilianza mwaka 1972 kuandaa watu wa kujitolea vijijini, waliofundishwa kupandisha bendera, moja kwa hatari ya mbali na kuongeza kadiri hatari inavyokaribia, kupita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti, na kuwaongoza watu katika majengo ya zege yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Katika delta ya Irrawaddy mambo hayo hayakuwapo, na serikali ya kijeshi iliyokuwa imekwisha kuarifiwa haikuwaonya watu wake ipasavyo. Mkulima wa mpunga alikufa ameonewa na wanaomtawala, na tufani yake ina jina zuri la ua.

Yako pia mambo ambayo hata bendera haiyatoshi. Chido ilipoishukia Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, onyo lilikuwa limetolewa, jina lilikuwa limetajwa, na sehemu za kukimbilia zilikuwa zimefunguliwa. Iliripotiwa hata hivyo kwamba wahamiaji wasio na vibali, wengi wao Wangazija na ndugu zao wa visiwa jirani, hawakuthubutu kwenda huko, wakidhani ni mtego wa kuwakamata na kuwarudisha makwao. Wakabaki chini ya mabati. Sijui kimbunga kingepewa jina gani ili mtu akiogope kuliko polisi.

Madhali majina ni kazi yenu na hamtaiacha, nami si mtu wa kuwanyang'anya watu kazi, naomba niwapelekee nadhari chache za namna ya kuyafanya yazae matunda. Nimefurahi kujua kwamba mwasisi wa sanaa yenu, Clement Wragge wa Queensland, huko mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa akizipa tufani majina ya wanasiasa waliomuudhi. Fikirini usomi ulioje! Naomba sunna hiyo ihuishwe, lakini kwa staha, kwa kutumia vyeo badala ya majina ya watu, tusije tukapelekana mahakamani. Hebu sikieni jinsi taarifa ya habari itakavyopendeza: Kimbunga Afisa Mipango Miji chaelekea Kilwa kwa kasi ya kilomita tisini, Dhoruba Mkandarasi Msaidizi yaongezeka nguvu mashariki ya Mafia, wananchi washauriwa kukaa mbali na Mkurugenzi mpaka atakapopungua kasi. Nina yakini kwamba chini ya utaratibu huo kalavati zingezibuliwa kabla ya masika, na zingezibuliwa usiku, kwa taa.

Au kama fedha ndiyo shida, fuateni mfano wa Chuo Kikuu Huria cha Berlin, kinachowauzia watu majina ya migandamizo ya hewa ya Ulaya tangu mwaka 2002 ili kugharimia uchunguzi wa wanafunzi wake. Mwaka 2012 wakala mmoja wa matangazo alinunua jina la Cooper ili kuisifu motokaa ya Mini, na kumbe mgandamizo huo ukaja na baridi kali iliyoua watu wengi Ulaya mashariki. Biashara ina mitihani yake. Sisi tungemwuzia jina mjenzi wa barabara peke yake, na kwa sharti kwamba jina lile lile lichongwe darajani.

Wala msipoteze muda kwa ile hoja ya wataalamu wa Illinois, waliotangaza mwaka 2014 kwamba tufani zenye majina ya kike huua zaidi kwa kuwa watu huzidharau, wakajibiwa na wenzao kuwa hesabu yao imechanganya miaka ambayo tufani zote za huko Marekani zilikuwa na majina ya kike kwa amri. Pwani hii hatuna dharau hiyo. Tumelelewa na mashangazi.

Ombi langu la dhati ni dogo. Kila mtakapotoa jina, liambatanisheni na majibu ya yule nahodha: maji mpaka wapi, saa ngapi, na nani atakuja kuvuta. Mkikosa moja katika matatu hayo, tupelekeeni hayo mawili na jina mbaki nalo, tutamwita Fulani bin Fulani, hatutaona vibaya.

Na la mwisho. Nyuma ya nyumba yangu upo mtaro uliochimbwa kwa ajili ya kupitisha maji ya mvua kuelekea baharini, ambao kwa sasa umejaa chupa za plastiki, maganda ya madafu, godoro moja, kandambili zisizolingana, na kiti cha ofisi kisicho na miguu ambacho sote twajua kilitoka katika ofisi gani lakini hatusemi. Kila masika huingia ndani kwa watu wengi kuliko Jobo, Hidaya na Ialy kwa pamoja, na haujapata kutajwa redioni hata siku moja. Nauwasilisha kwenu rasmi kwa ajili ya kuandikishwa. Natambua kwamba kwa kanuni zenu za sasa jina likitumika mara moja huondolewa katika orodha lisirudi tena. Nasikitika kusema kwamba kanuni hiyo itabidi itenguliwe kwa ajili yake, kwa kuwa mtaro huu hurudi kila mwaka na haujaonyesha dalili yoyote ya kustaafu.

Jibu lenu nitashukuru likifika kabla ya mwezi wa Machi, maana baada ya hapo tarishi hupita kwetu kwa mtumbwi, na barua za serikali hatuna pa kuzianika.

Ni mimi, kwa unyenyekevu wote,
Mkazi wa Bondeni